Nyasi za Unga wa Mbao

Jiji zima lilikuwa juu ya kitanda, na wenye kitanda walilala chini. Hapakuwa na namna nyingine. Chumba kilikuwa kimoja, na zile mbao nne zilizobeba jiji, kila moja na upana wa mlango, hazikuweza kusimamishwa ukutani bila barabara kubanduka. Godoro likashushwa sakafuni, nusu yake chini ya kitanda, kati ya jiko la mafuta ya taa na ndoo ya maji. Kila alfajiri, fundi alipofungua macho, alichokiona kwanza ni chaga za kitanda na upande wa chini wa mji, umejaa misumari na gundi iliyoganda.

Asubuhi ile alikuwa amechuchumaa mlangoni, mikono ndani ya beseni, akikanda unga wa mbao uliolowa rangi ya kijani. Ndizo nyasi za mjini hizo. Unga aliuomba kwa seremala wa mtaa wa pili, akauchuja kwa chujio la chai, akautia rangi. Ukikauka unanyunyizwa juu ya gundi mbichi, na mtu akitazama kwa mbali anaona bustani. Miti ilikuwa sponji za kuoshea vyombo, zimechanwachanwa na kuchomekwa vijiti vya meno.

Mke wake alimruka pale mlangoni bila kuomba njia.

"Unawapikia tena," alisema.

"Ni kazi, Mama Chiriku."

"Najua ni kazi. Hata yule wa lori alisema yuko kazini."

Fundi aliendelea kukanda. Hilo lilikuwa limeshasemwa humo ndani mara nyingi, na kila mara lilipata mahali papya pa kuchoma.

Pale ofisi za jiji walimwita Injinia Kadibodi. Jina alilipata kwa Mkuu wa Mipango mwenyewe, aliyelitamka mbele ya wageni siku moja ya furaha zake. Wageni wakacheka, na tangu hapo hata wafagizi wakamwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza jiji dogo kila mara lile kubwa lilipobadilishiwa mawazo. Maghorofa ya kadibodi, mito ya karatasi ya nailoni, magari ya punje za mahindi zilizopakwa rangi. Wakubwa hulizunguka na glasi zao za juisi, wakanyoosha vidole, wakapiga picha, wakaenda zao. Safari hii mpango ulikuwa wa miaka thelathini. Watu walioshindwa kuzibua mfereji mmoja kabla ya mvua walikuwa wamekaa kupanga hewa ya vitukuu.

Katika mpango uliotangulia, uwanja wa mwisho wa mtaa wao ulikuwa wa kijani. Fundi aliunyunyizia nyasi kwa mkono wake. Uwanja wenyewe haukuwahi kuota hata jani, ulikuwa vumbi tupu na magoli ya mawe, lakini watoto hawakudai majani, walidai nafasi, na nafasi ilikuwepo. Kisha siku moja yakaja mabati. Watu wakaambiwa ni kwa muda. Nyuma ya mabati ukapanda ukuta, nyuma ya ukuta zikapanda nguzo, na watoto wakahamia barabarani na kamba zao na mipira yao ya matambara, wakiyapisha malori ya kokoto.

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee. Shuleni alikuwa na jina lingine. Hili alipewa kwa ajili ya mdomo wake, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza, hata usingizini alikuwa anabishana na mtu. Siku ile alikuwa anaruka kamba. Lori lilirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza, na dereva alipoteremshwa alirudia neno moja tu, kwamba yuko kazini.

Jengo lilikuwa la nani, mtaa mzima ulijua. Bango lilitaja kampuni, na kampuni ilikuwa ya mke wa Mkuu wa Mipango.

Mkuu alikuja msibani. Alikalia kiti alichoachiwa na mzee mmoja, akanywa maji aliyoletewa, na alipokuwa anaaga alimshika fundi bega. "Pole sana, Injinia," alisema. "Lakini watoto wa siku hizi nao hawaangaliwi. Wazazi tujitahidi." Na fundi, macho yamevimba, akajibu, "Asante, Mkuu."

Asante ile ilikuwa haijamtoka kooni mpaka leo. Alimchukia Mkuu, na alipokuwa peke yake na gundi yake aliiachia chuki hiyo nafasi yote iliyotaka. Hakuomba afe, kufa kungekuwa kumpumzisha. Alitaka asimame mbele ya wakubwa wenzake, kamera zinammulika, aulizwe swali moja la wazi na mtu asiyeweza kumfokea, akose jibu. Alitaka kuiona ile shingo nene inatota jasho. Akishaiona hiyo, wamfukuze, wamfunge, wamfanye watakavyo.

Mke wake alidhani ameikubali kazi kwa woga. Siku hiyo, unga ukiwa umeanikwa juani, alimwita aje kitandani atazame.

"Nikikataa watampa mwingine," alisema. "Nikikubali, ninaingia mpaka mezani kwao. Siku ya uzinduzi Waziri mwenyewe ndiye atakayefunua kitambaa. Hebu tazama."

Aliingiza wembe pembeni mwa uwanja wa kijani, akauinua. Uwanja wote ukatoka, nyasi na miti yake, kama kifuniko cha sufuria. Chini yake palikuwa peupe, hapajajengwa kitu.

"Wakija kukagua wataona bustani yao," alisema. "Siku yenyewe natoa hiki. Humu chini naweka yaliyopo. Ukuta, geti, lile ghorofa na nondo zake. Lori. Na barabarani namweka mtoto. Halafu nitazame shingo ya Mkuu inavyotota."

Mke wake alivuta begi la nguo kutoka chini ya meza, akatoa sweta la njano, akalipekua mkono wake mpaka akapata ncha ya uzi. Alifumua taratibu, akaviringisha uzi kwenye kidole, akaukata kwa meno.

"Mvike nguo yake mwenyewe," alisema. "Siyo umpake rangi."

Ili asikosee jengo, fundi alikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mke wake, ambaye alikuwa amepata ulinzi pale pale getini. Familia ililimeza hilo kwa shida, lakini mtu ana watoto wa kulisha, na hakuna aliyemwambia kitu. Shemeji alimkuta amesimama nje ya geti anahesabu nguzo kwa macho.

"Shemeji, usinitafutie balaa," alisema. "Ukitaka kuiba nondo, njoo siku ya zamu ya mwenzangu."

"Nataka kuona tu."

"Watu wa kuona tu ndio wanaonipa wasiwasi. Mwizi najua anachotaka." Alitazama huku na huku, akafungua geti upana wa bega. "Ona upesi. Na kama ukiulizwa, umekuja kuniletea chakula. Na kesho ukilete kweli, maana nimeshakisema."

Fundi aliona. Ghorofa tatu zilikuwa zimesimama, ya nne imefungwa mbao, na chini palikuwa na mlango mpana wa kuingizia magari. Pale palipokuwa goli la mawe, watu walikuwa wanakoroga zege.

Alimtengeneza mtoto kwa waya wa shaba na ule uzi wa njano. Kwa kipimo cha mji ule alipaswa kuwa mdogo kuliko punje ya mchele, lakini fundi alivunja kipimo; alimfanya mrefu kama kidole cha mwisho, ili hata atakayesimama nyuma ya watu amwone. Kamba ya kurukia alimpa, uzi mweusi juu ya kichwa. Lori alilifanya kwa kibiriti. Kazi hiyo ilimwendea vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, na mara mbili mke wake alimkuta anatabasamu peke yake, tabasamu lisilopendeza.

Afisa wa bustani alikuja kukagua. Alikuwa dada kijana, mpole, viatu vyake amevivua mlangoni kwa adabu. Alipitisha kalamu juu ya jiji, akitikisa kichwa kuridhika. Alipofika kwenye uwanja wa kijani alitazama, kisha akatazama pembeni haraka. Hata yeye alijua.

"Safi," alisema. "Ila kijani bado hakitoshi, Fundi. Tumeahidi kiwango. Ongeza hapa chini ya nyaya za umeme."

"Pale watu hawaruhusiwi kupita."

"Kupita siyo, ila ni nafasi wazi. Na hapa kwenye mzunguko wa magari. Na hapa." Kalamu ilikuwa imetua juu ya makaburi.

"Hapo kuna watu, dada."

"Najua, Fundi. Lakini kwenye mpango nafasi ambayo haijajengwa tunaihesabu bustani. Ndivyo tunavyofanya. Penye pengo, mwaga kijani." Alishusha sauti. "Usiniangalie hivyo. Mimi naletewa nambari, natafuta pa kuziweka."

Fundi aliyanyunyizia makaburi nyasi mbele yake, yeye aliyemzika mwanawe humo. Mke wake, aliyekuwa anasugua sufuria, alisugua kwa nguvu mpaka yule dada akaaga.

Siku ya uzinduzi alivaa shati lake la harusi. Aliingia ukumbini mapema na kisanduku chake cha vifaa, akamwambia mlinzi anakwenda kurekebisha palipobanduka njiani, na hakudanganya sana. Mbao nne zilikuwa zimeunganishwa juu ya meza ndefu. Aliingiza wembe, akaunyanyua uwanja, akauficha ndani ya kisanduku. Akaweka ukuta. Akaweka ghorofa na nondo zake za waya. Lori akaliweka getini, tako limeelekea barabarani, na nyuma yake akamchomeka mtoto. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyetandaza kitambaa cheupe juu ya yote.

Alisimama ukutani na wapishi. Mkuu wa Mipango alihutubia. Alisema mji usio na mahali pa kupumulia ni mji mgonjwa. Alisema mtoto anayecheza leo ndiye raia mwema wa kesho. Fundi alimsikiliza kwa utulivu wa mtu aliyeshatega na anamwona mnyama anakuja mwenyewe.

Waziri akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi, wakasogea, wakainama. Mkuu alianza kuonyesha kwa fimbo yake ndefu, bustani hii, bustani ile, fimbo ikapita kwenye makaburi, ikapita chini ya nyaya, ikafika mwisho wa mtaa na kusimama.

Fundi aliiona shingo. Ilikakamaa, ikabadilika rangi, na tone moja likateremka kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye kola. Miezi yote ile ya kulala chini ya jiji alikuwa ameisubiri shingo hiyo. Aliitazama kwa raha, na kwa muda mfupi aliona amelipwa.

"Na hapa je?" Waziri aliuliza. "Kwenye ramani niliyoletewa si palikuwa bustani?"

Afisa wa bustani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni bustani, Mheshimiwa," Mkuu alisema.

"Mimi naona ghorofa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Bustani iko juu." Sauti ilimrudia, na kila neno lilipotoka lilimpa nguvu ya linalofuata. "Juu ya paa. Siku hizi miji mikubwa ardhi haitoshi, kwa hiyo tunapandisha bustani. Chini huduma, juu nyasi. Hili ndilo la kwanza la aina yake."

Waziri alilitazama lile paa. Uso ukamkunjuka.

"Huku ndiko kufikiri mbali," alisema.

Makofi yakalipuka. Mkuu aligeuka akiwa amepona kabisa. "Injinia wetu ndiye hajamaliza," alisema, na watu wakacheka. "Paa bado halijaota. Afisa, tuletee nyasi." Yule dada alikuwa amekuja na kimfuko cha unga wa kijani kwa ajili ya marekebisho. Mkuu alichota kwa vidole viwili, akalinyunyizia paa la ghorofa.

Hapo fundi aliachana na ukuta. Aliwapita wapishi, akawapita wapiga picha, akafika mezani.

"Mheshimiwa, muulize huyo mtoto ni nani," alisema.

Waziri aliinama. "Kweli. Huyu anafanya nini barabarani?"

"Ni mwanangu. Alikuwa anacheza hapo kwa sababu uwanja wake ulichukuliwa. Hili lori ndilo lililomuua."

Mkuu alimtazama fundi kwa macho ambayo, kwa mara ya kwanza, hayakuwa na mzaha ndani yake. Kisha akazunguka meza, akamwekea mkono begani, bega lile lile.

"Mheshimiwa, fundi wetu huyu amefiwa," alisema kwa upole. "Nilikuwepo msibani. Na pamoja na uchungu alionao, amelitumia jiji hili kutukumbusha usalama wa watoto wetu. Ndiyo sababu tumekuja na mpango huu. Ili mtoto asichezee tena barabarani."

"Pole sana, baba," Waziri alisema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Hakufa bure."

"Muulize jengo ni la nani," fundi alisema. "Muulize lile lori lilikuwa linapeleka kokoto kwa nani. Ni la mke wa..."

Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, makofi ya heshima, ya polepole, wengine wamesimama, na maneno yake yaliishia humo. Alilitaja jina. Aliitaja kampuni. Aliyasema yote aliyokuja kuyasema, na aliyekuwa karibu naye, mwanamke mwenye miwani, alikuwa anajifuta machozi na kumtikisia kichwa kama anayemwitikia.

Mkuu alinyoosha mkono. Alimshika Chiriku kiunoni kwa vidole viwili, akamng'oa barabarani pamoja na kamba yake, akamwinua kamera zimwone. Kisha akamchomeka juu ya paa la ghorofa, katikati ya zile nyasi alizozimwaga yeye mwenyewe.

"Sasa yuko mahali salama," alisema.

Alipong'olewa, barabarani pale palibaki katundu. Afisa wa bustani alikaona; akatoa unga kidogo kwenye kimfuko chake, akakaziba.

Watu walikwenda kula upande wa pili wa ukumbi. Mkuu alipopita alimgonga fundi mgongoni kidogo, kirafiki, akamwambia bila kusimama, "Umenisaidia leo, Injinia. Wiki ijayo njoo ofisini, kuna michoro ya paa." Waziri alikuwa anamsubiri na sahani.

Fundi alinyoosha mkono kumchukua mwanawe.

"Usiguse," alisema mmoja wa vijana wawili wa bohari, waliokuwa wanakuja na sanduku kubwa la kioo, wanahema. "Ni mali ya jiji hiyo. Tumeambiwa tuifunike."

"Nataka kitu changu kimoja tu."

"Mzee, tusaidie. Sisi tumetumwa."

Walilishusha lile sanduku juu ya jiji, wakakaza skrubu kwenye pembe zote. Litakaa pale mapokezi, walisema, mpaka mpango uishe. Fundi aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, akasogeza uso. Kutoka pale alimwona vizuri, wa njano juu ya kijani, kamba iko kichwani, anaruka kwenye paa la watu waliomuua. Nyumbani mke wake alikuwa anasubiri kuambiwa ile shingo ilivyokuwa.

Afisa wa bustani alikuja akasimama karibu naye. Alitazama alama za mikono zilizobaki kwenye kioo.

"Ngoja nitafute kitambaa," alisema.

Viatu vyake vikaenda vikipotelea kwenye korido. Fundi alibaki peke yake na lile sanduku. Akaanza kutazama huku na huku, kwenye viti, kwenye meza, chini ya mapazia, akitafuta kitu kizito.